Nuru Isiyobisha Hodi

Katika desturi zetu mtu hafiki mlangoni pa mwenziwe akaingia kama upepo. Husimama nje, akabisha hodi, akangoja sauti ya kumkaribisha. Hodi ya kwanza isipojibiwa hubisha ya pili, na ya tatu ikikosa jibu huenda zake bila kinyongo. Adabu hii haikuwekwa kwa ajili ya mlango, maana mlango ni mbao tu. Iliwekwa kwa ajili ya mtu aliye ndani, ambaye huenda amelala, au anakula chakula asichotaka kionekane kwa uchache wake, au analia. Hodi humpa muda wa kujifunika, kufuta machozi, na kumkabili mgeni kwa uso aliouchagua mwenyewe.

Sasa yafaa tuulize: je, uso wa mtu hauna mlango? Mpiga picha akija usiku na taa yake, akamulika, akaichukua sura ya mtu na kwenda nayo, ameingia kwa hodi au bila hodi? Na ikiwa nia yake ilikuwa njema, ikiwa alitaka kuionyesha dunia dhiki ya mtu yule ili asaidiwe, je, wema wa nia wamwondolea lawama ya kuingia bila ruhusa? Swali hili huonekana dogo kwa asiyepata kumulikwa. Tulipime kwa habari za mtu aliyeishi kweli na kuitenda kazi hiyo.

Jacob Riis alizaliwa katika mji wa Ribe, nchi ya Denmark, mwaka 1849. Mwaka 1870 alivuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani kutafuta riziki, na ufukara ukamlaki huko. Alishinda na njaa, akalala nje, na usiku mmoja alilala katika chumba walimohifadhiwa watu wasio na makao katika kituo cha polisi cha New York. Baada ya miaka kadhaa ya kuhangaika alipata kazi ya kuandika habari za polisi katika gazeti. Ofisi yake ilikuwa katika mtaa wa Mulberry, karibu na nyumba za kupanga walimorundikana wahamiaji maskini. Vyumba vingi vya ndani vya nyumba zile havikuwa na dirisha la kuelekea nje. Mchana ndani yake ulifanana na usiku, na hewa iliyovutwa na mmoja ilikuwa imekwisha kuvutwa na wengine kumi.

Riis aliyaona hayo kila siku akayaandika. Watu walisoma, wakasikitika kidogo, wakafunga gazeti. Wahenga walisema kwamba lisilokuwapo machoni na moyoni halipo. Tajiri wa mji ule hakuwa na sababu ya kupita usiku katika vichochoro vya maskini, wala ofisa wa afya hakutikiswa na maneno matupu ya mwandishi wa gazeti. Riis alitamani kuipeleka picha mahali ambapo maneno yalishindwa. Lakini kamera za siku zile zilihitaji nuru nyingi, na alichotaka kukipiga picha kilikuwa gizani.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali za kuuchochea kuwaka. Ulipotiwa moto ulilipuka kwa nuru kali sana, kwa muda kama wa kupepesa jicho, kisha ukaacha moshi mzito. Riis alipoisoma habari hiyo gazetini alifahamu mara moja kwamba giza limepata mshindani. Pamoja na rafiki zake, miongoni mwao wapiga picha wa kujifurahisha na daktari mmoja wa idara ya afya ya mji, alianza kwenda usiku katika mitaa ile, na mara nyingine polisi walifuatana nao.

Mwanzoni unga ule uliwashwa kwa bastola. Hebu msomaji ajiweke mahali pa mtu maskini aliyelala baada ya kazi ya kutwa. Usiku wa manane mlango unafunguliwa, wanaume wasiojulikana wanaingia, mmoja ameshika bastola, mlio unasikika, chumba kinajaa nuru ya kupofusha, kisha kinajaa moshi. Kabla hajajua kama yu hai au amekufa, wageni wamekwisha kwenda zao. Riis mwenyewe alieleza kwamba wakazi wengine walikimbia kwa kupitia madirishani. Baadaye aliacha bastola akawa anawasha unga wake juu ya kikaango, kwa kuwa kikaango ni chombo cha nyumbani na hakitishi kama silaha.

Kazi ile ilikuwa na hatari kwa mtendaji pia. Safari moja unga ulimlipukia usoni, na miwani aliyoivaa ndiyo iliyoyaokoa macho yake. Mara mbili aliwasha moto nyumba alizoingia kupiga picha, na mara moja alijiwasha moto mwenyewe. Katika moja ya ajali hizo alikuwa darini pa nyumba chakavu, akipiga picha ya vipofu waliokuwa wakiishi humo. Cheche zilishika makaratasi na matambara yaliyoning'inia ukutani. Vipofu hawakuona hatari iliyowakabili, na kati yao na mlango wa nje palikuwa na ngazi nyingi za kupindapinda. Riis alipigana na moto ule peke yake hadi akauzima. Mtu mmoja alikuja na taa kuwaonyesha wengine giza la vipofu, akakaribia kuwateketeza. Alikuwa na nia njema usiku ule, lakini nia njema isingeuzima moto.

Katika picha zake mashuhuri imo moja iliyopigwa katika nyumba ya mtaa wa Bayard. Chumba chake hakikuzidi futi 13 kila upande, na ndani yake walilala watu 12, wanaume kwa wanawake, wengine juu ya vitanda vya mbao na wengine sakafuni. Wengi walikuwa wapangaji wa usiku mmoja waliolipa senti 5 kwa nafasi ya kujinyosha. Katika picha ile mtu mmoja ameinua kichwa, macho yake yamelemewa na usingizi na nuru. Hakuna aliyemwuliza kitu. Amekuwa akitazamwa hivyo, nusu macho nusu usingizini, kwa zaidi ya miaka 130.

Mwaka 1890 Riis alitoa kitabu chenye picha hizo, nyingine zikiwa zimechorwa upya kwa mkono. Kilisomwa na watu wengi. Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1901 alikuwa Rais wa Marekani, alikisoma akaenda kumtafuta mwandishi ili amwambie kwamba yu tayari kusaidia. Roosevelt alipokuwa mkuu wa halmashauri ya polisi ya New York, vyumba vya kulala katika vituo vya polisi, vile ambamo Riis alipata kulala, vilifungwa mwaka 1896. Mahali pa nyumba mbovu kupita zote katika mtaa wa Mulberry palibomolewa, na mwaka 1897 pakafunguliwa bustani ya watu wote. Mwaka 1901 jimbo la New York lilitunga sheria iliyolazimisha nyumba mpya za kupanga ziwe na nuru na hewa katika kila chumba. Mambo hayo hayakuwa kazi ya mtu mmoja, lakini hapana mtu mwenye haki awezaye kusema kwamba taa ya Riis haikuwa na sehemu.

Basi wakili wa Riis ana maneno mazito ya kusema, nasi tumpe nafasi ayaseme yote. Atasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Donda lililofunikwa kwa heshima huoza kwa heshima. Atasema kwamba haikuwezekana kuomba ruhusa ya watu 12 waliolala bila ya kuwaamsha, na wakiisha amka, hali iliyotakiwa kuonyeshwa imekwisha badilika. Atasema pia kwamba Riis hakuwa mtalii wa shida za watu. Alikuwa mtu aliyelala na njaa mwenyewe, akarudi na taa mahali alipopata kulia gizani. Mwisho atauliza: ni lipi lililo bora kwa mtoto anayekufa kwa kukosa hewa, adabu ya mpiga picha au dirisha?

Hoja hizi zina nguvu, na mtu asiyeona nguvu yake hajapata kukaa chumba kisicho na dirisha. Hata hivyo ziko tatu za upande wa pili, nazo hazikanushwi na zile za kwanza.

Hoja ya kwanza ni ya aibu. Nyumba ya mtaa wa Bayard ilikuwa na mwenyewe, na mtu aliyeweka wapangaji 12 katika chumba kimoja alipata faida. Palipokuwa na aibu, ilikuwa yake. Lakini katika picha ile hayumo. Waliomo ni wale waliolipa senti zao tano. Nuru iliangukia mwathiriwa na kumwacha mkosaji kivulini, na kwa hiyo mtu akitazama upesi aweza kudhani kwamba uchafu ule ni tabia ya waliolala, wala si matunda ya tamaa ya aliyewapangisha. Wahenga wamesema kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha amepewa ruhusa ya kuona kwa sababu ameaminiwa kwamba atajua la kusema na la kunyamaza. Apigaye picha dhiki ya mwenziwe amechukua kazi ya mwosha, nayo haifai kufanywa na mtu asiyejua kusitiri.

Hoja ya pili ni kwamba taa ile haikwenda peke yake. Ilifuatana na polisi wa afya waliokuwa wakihesabu watu na kuwatoa waliozidi. Machoni pa msomaji wa kitabu, mmweko ule ulikuwa mwanzo wa msaada. Machoni pa mtu aliyelala sakafuni huenda ulikuwa mwanzo wa kufukuzwa na kutafuta mahali pengine pa kulala usiku uleule. Msaada uliokusudiwa kuja baada ya miaka kumi haumfuniki mtu aliyetolewa nje leo.

Hoja ya tatu naiona kubwa kuliko zote. Asiyebisha hodi hasikii jibu. Mmweko wa taa huonyesha hali ya mtu, lakini hausemi sababu. Hauulizi jina, wala alikotoka, wala kazi aifanyayo mchana, wala anayempelekea fedha anazozikosa mwenyewe. Mpiga picha aondokaye kabla moshi haujatulia hulazimika kujaza nafasi ya majibu hayo kwa mawazo aliyokuwa nayo kabla ya kuingia. Ndivyo ilivyomtokea Riis. Katika kitabu chake, pamoja na huruma yake yote, aliandika juu ya Wachina, Wataliani na Wayahudi wa New York maneno ya jumla yenye dharau, kana kwamba taifa zima lina tabia moja. Macho yake yaliona mengi kupita macho ya watu wa wakati wake, na masikio yake yakasikia machache. Kumbe hodi ni njia ya elimu pia. Mtu aliyekaribishwa hujua zaidi ya mtu aliyechungulia.

Huenda mtu akajibu kwamba ruhusa huharibu ukweli, maana aliyeombwa hujipanga, akakaa kama sanamu, na picha ikawa ya uongo. Kisa kimoja katika kitabu chilekile cha Riis kinampinga. Siku moja alimkuta mzururaji mwenye nguo zilizochakaa, ameketi juu ya kipawa cha ngazi akivuta kiko kwa utulivu, huku wengine wakihangaika na kazi ya kuokota matambara. Riis alimwomba akae apigwe picha kwa senti 10. Mtu yule akakubali. Kamera ilipokuwa tayari alikitoa kiko kinywani akakitia mfukoni, akaeleza kwamba kiko hakikuwa katika mapatano, na kwamba kukiingiza katika picha ni senti 25. Kiko chenyewe kilikuwa cha udongo, cha bei duni kabisa. Riis akalipa.

Riis alikisimulia kisa hiki kwa mzaha, kama ushahidi wa uvivu wa mzururaji. Msomaji ana hiari ya kuona jambo jingine. Mtu yule hakuwa na nyumba wala shilingi, lakini alijua kwamba uso wake ni mali yake. Alipoulizwa alikuwa na la kusema, na alilisema kwa akili. Picha yake haikupungukiwa na ukweli kwa sababu ya mapatano. Imezidi, maana ndani yake hatuoni umaskini peke yake, twaona pia mtu. Wale 12 wa mtaa wa Bayard huenda nao walikuwa na ya kusema, pengine ya busara kuliko haya. Hatutayajua, kwa kuwa hawakuulizwa.

Lakini tusidhani kwamba ruhusa ya mara moja humaliza deni. Mwezi Machi mwaka 1936 mpiga picha mwingine wa Marekani, Dorothea Lange, alimkuta mama mmoja na watoto wake katika kambi ya vibarua wa shamba la njegere huko Nipomo, California. Alimkaribia mchana kweupe, bila kishindo cha unga, akampiga picha mbele ya hema lake. Hakumwuliza jina. Picha hiyo ikajulikana duniani kote. Chakula kilipelekwa kambini kwa ajili yake, lakini mama yule na wanawe walikuwa wamekwisha kuhama. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilitangazwa mwaka 1978, naye akasema kwamba alijuta kupigwa picha ile, maana wengine walisifiwa kwayo na yeye hakupata hata senti. Hata hivyo alipougua mwaka 1983, watu wengi walioijua picha walituma fedha za kumsaidia. Uso wake ulizunguka dunia karibu miaka 50 kabla ya kumrudia na fadhila. Twajifunza hapa kwamba kukubali kutazamwa na mgeni mmoja jioni moja si kukubali kutazamwa na dunia nzima siku zote.

Basi tuamue nini? Siwezi kusema kwamba taa ya Riis ingezimwa. Madirisha yaliyofunguliwa baadaye ni ushahidi ambao hauwezi kufutwa. Lakini siwezi kusema vilevile kwamba wema wa matokeo umefuta deni. Mtu akivunja mlango wa jirani ili aokoe mtoto katika nyumba inayowaka, kila mwungwana atamsifu. Moto ukiisha zimwa, mwungwana yuleyule atatazamia amwombe jirani radhi na kuutengeneza mlango. Dharura hutoa idhini ya kuvunja. Haitoi idhini ya kusahau kilichovunjwa.

Kwa hiyo mwenye taa ana wajibu wa aina tatu. Kabla ya kumulika, aombe ruhusa kila inapowezekana, na asijidanganye kwa kuita haiwezekani jambo ambalo ni zito tu. Wakati wa kumulika, aelekeze nuru yake kwenye kosa na mkosaji kwanza. Ikiwa ukuta mbovu watosha kuwa ushahidi, uso wa mpangaji wa nini? Baada ya kumulika, arudi. Aulize jina, asikilize maneno, aeleze picha itakwenda wapi, na aliyepigwa apate sehemu ya faida iliyotokana na uso wake. Asiyekusudia kurudi na ajiulize kama alikwenda kusaidia au kuchuma.

Zamani maneno haya yangewahusu watu wachache wenye kamera nzito na mabamba ya kioo. Leo yatuhusu sote, maana simu iliyo mkononi mwa mwanafunzi ina kamera na taa yenye uwezo ambao Riis hakuuota. Gari likipinduka barabarani, huonekana mikono iliyoinua simu kabla ya mikono iliyoinua majeruhi. Mwanafunzi mwenzetu akianguka, akilia, au akivaa kiatu kilichotoboka, picha yake huenda ikafika kijiji cha mbali kabla yeye hajafika nyumbani. Wala hapana anayeweza kudai, kama Riis, kwamba sheria ya nyumba itabadilika kwa sababu ya picha hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imezihesabu habari za mtu kuwa kitu kinachohitaji idhini au sababu nyingine ya halali. Mwaka 2023 ofisi inayoisimamia sheria hiyo iliitoza faini shule moja iliyotangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Lakini sheria huja nyuma ya adabu. Huwaadhibu wachache waliokamatwa, na adabu huwaongoza wengi wasioonekana. Kipimo cha adabu hakihitaji wakili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kabla ya kubonyeza, mtu na amweke mamake mahali pa yule anayetaka kumpiga picha, katika nguo zilezile, katika machozi yaleyale, kisha ajiulize kama angependa mgeni ammulike na kwenda zake. Akiridhika, na amulike. Moyo ukisita, taa na ingoje mlangoni kidogo, kama angojavyo mgeni mwenye adabu, hadi aliye ndani aseme karibu.